Ushauri: Mwaniaji anataka orodha ya nambari za kikundi chetu

MwekaHazina_Nakuru: Hamjambo wadau. Ninashika hazina ya kikundi chetu cha kusaidiana msiba na karo. Nina faili lenye majina, nambari za simu na michango ya kila mmoja ya M-Pesa. Kijana wa kampeni ya mwaniaji mmoja wa 2027 analitaka. Anasema hatampigia mtu simu, atalipakia tu Facebook ili matangazo yake yawafikie. Ameahidi kutununulia hema na viti. Wazee wanataka tukubali. Mimi moyo unakataa, ila sijui niwaelezeje.

Wakwetu: Usitoe! Nambari zikipakiwa, kampuni inazilinganisha na akaunti zake. Tena kwa michango ile, mwaniaji atajua nani ana hali ngumu. Mjane ataonyeshwa ahadi moja, mwenye duka ahadi nyingine, na hakuna atakayejua jirani yake ameambiwa nini. Kwenye mkutano wa hadhara angalau sote tunasikia maneno yaleyale na tunaweza kumbana kwa maswali.

Karani_Mstaafu: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 iko wazi. Watu walikupa nambari kwa ajili ya msiba na karo, si siasa. Bila idhini yao huna ruhusa. Mnakumbuka 2021, Wakenya walivyojikuta wameandikishwa vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo?

Kaka_Mkubwa: Chukueni hema. Facebook si ina nambari zetu tayari?

Wakwetu: Kaka, inazo, ila haijui nani alichangiwa karo na nani alishindwa kuchanga. Hayo yako kwenye faili la huyu ndugu. Mwaka 2018 wakubwa wa Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza iliyotumia data za watu kuendesha kampeni za siasa, walinaswa na kamera ya siri wakijigamba jinsi walivyoendesha kampeni za urais hapa kwetu 2013 na 2017. Na mkidhurika mtamshtaki nani? Kesi ya Waethiopia dhidi ya Meta, kampuni mama ya Facebook, kuhusu machapisho ya chuki, ilifunguliwa Nairobi Desemba 2022. Hadi Aprili 2025 ndipo Mahakama Kuu ikaamua kwamba ina mamlaka ya kuisikiliza. Kuisikiliza tu!

MwekaHazina_Nakuru: Nimewaelewa, asanteni. Jumapili nitawaeleza wanachama wote. Ila katibu wa zamani bado ana nakala kwenye simu yake.

Karani_Mstaafu: Mwombe aifute mbele yako kabla ya Jumapili. Halafu muandike kwenye katiba ya kikundi nani anaruhusiwa kushika orodha.