Yule fundi wa dizeli pale mjini Mtwara, leo kanimaliza mbele ya mama mkwe

Wakuu, damu bado inachemka kwa hiyo mnivumilie.

Simtaji jina. Mnamjua. Kama una dizeli kuukuu na unaishi Ligula, Chikongola au Magomeni, umeshapita mikononi mwake, na kama bado, zamu yako inakuja. Yule wa ovaroli ambayo zamani ilikuwa ya bluu, anatembea na bisibisi sikioni. Huyo huyo.

Leo, mbele ya mama mkwe wangu mzazi, mbele ya utingo, mbele ya kina mama wanaouza ming'oko kando ya barabara, kasema hivi: "Mama, gari ina nguvu. Mkweo ndo hana nguvu."

Rudia kusoma. Mkweo. Ndo. Hana nguvu. Anamwambia MAMA MKWE!

Ilikuwa hivi. Nina pikapu, Hilux yenye injini ya 3L, cc 2,779, haina turbo, ile feni ya kuisukumia injini hewa, na haijawahi hata kuiota. Gari mzee lakini mstaarabu. Ina kasoro mbili tu: ikiwa na mzigo mlimani haivuti, na gia ya tano inachomoka yenyewe ukitoa mguu kwenye mafuta. Nikampelekea yule bwana. Nikamwambia nataka iongezeke nguvu kidogo na gia zitulie, msimu wa korosho ndo huu. Akacheka, akaniambia, "Hii nakufanyia ndege."

Sasa sikilizeni ndege inavyotengenezwa. Kafungua boneti, kalegeza nati nyuma ya pampu, kazungusha skrubu ya mafuta, kainamisha sikio, kafunga. Basi. Chujio la hewa hajaligusa, na lile lina mchanga unaotosha kujengea choo. Nozo za kupulizia dizeli hajashusha hata moja. Kwenye gia boksi kamwaga oili iliyokuwemo, kaweka ile nzito, namba 140, "ili iache makelele". Hela kapokea kwa mikono miwili, adabu tele.

Leo natoka Masasi namrudisha mama Newala. Nyuma nina mabati na magunia kadhaa, mbele mama kavaa kanga mpya, kakaa vizuri. Kufika ule mlima wa kupandia Newala, ndege ikaanza kutoa moshi mweusi mpaka basi lililokuwa nyuma likawasha taa mchana kweupe. Mshale wa joto unapanda. Gia ya tatu haitaki kuingia, ikiingia klachi inateleza, injini inalia kwa sauti zote na gari imesimama pale pale. Bodaboda imepakia mbuzi wawili ikatupita. Wale mbuzi waligeuka kutuangalia.

Tukasimama. Na nani anatokea, kapanda bodaboda, anatoka kuharibu gari la mtu mwingine huko juu? Hakufungua boneti. Hakuinama. Kanusa tu, kamsalimia mama shikamoo vizuri kabisa, halafu akasema lile neno.

Mama akavuta ncha ya kanga akaziba mdomo. Lakini mabega, wakuu. Mabega yalikuwa yanacheza. Nimeyaona kwa macho yangu!

Mkweo hana nguvu! Wajukuu wanne anao pale nyumbani, wametoka wapi, wameletwa na kivuko? Sina hoja nyingine. Mafundi wa aina hii wakamatwe. Uzi tayari.

Korosho Ghafi: Mkuu, habari ya gari tumeielewa. Mama alicheka kwa muda gani?

Kinyonga wa Ligula: Nimekaa siti ya mbele. Mleta uzi naomba ufafanuzi, gia inayochomoka yenyewe ni ya gari au?

Mleta uzi: Kinyonga nina hasira, usinijaribu.

Pweza Mkavu: Huyo fundi namjua, kanitengenezea Hilux yangu mwaka juzi mpaka leo inadunda. Tatizo ni nyie mnaopeleka gari imekufa halafu mnataka ifufuke kwa bei ya soda. Na kuhusu alichosema, mafundi huwa wanapima kwanza ndo wanaongea.

Mleta uzi: Anapima nini? HAKUFUNGUA HATA BONETI!

Dizeli Tupu: Acheni utani kidogo nimsaidie jamaa. 3L inavuta hewa ya kawaida. Ukiizidishia dizeli bila kuizidishia hewa, ile ya ziada haiungui sawasawa, inatoka moshi mweusi na joto linapanda. Hedi za ukoo huu wa L, yaani kile kifuniko cha juu cha injini, hazipendi joto, waulize waliokuwa na 2L-T, ile yenye turbo, zilivyokuwa zinapasuka. Rudisha skrubu ilipokuwa. Nguvu ya gari hii unaitafuta kwenye chujio la hewa jipya, filta ya dizeli, nozo zikapimwe kwenye mashine, taimingi ya pampu iwekwe sawa. Halafu pima kompresheni. Kompresheni ikiwa imekufa, hakuna skrubu itakayokusaidia, hiyo ni kuteremsha injini. Na inua tairi moja moja uzungushe kwa mkono. Breki inayoshika inakula nguvu nyingi na watu hawaiangalii.

Klachi nayo, kabla hujanunua plate, angalia kama pedeli ina uhuru wake kidogo pale juu, kisha angalia sili ya nyuma ya krenki. Ikivujisha oili ikafika kwenye plate, utabadilisha plate kila msimu.

Korosho Ghafi: Maelezo mazuri. Sasa mama alicheka kwa muda gani?

Mzee wa Salfa: Hapo kwenye gia boksi ndo pana mambo. Ile 140 inaficha kelele tu, beringi inaendelea kufa kimya kimya, na oili ikiwa nzito sinkronaiza, zile ringi za kulainisha kuingia kwa gia, zinachelewa kushika, ndo maana gia ya tatu inakataa. Weka oili nyepesi, 75W-90. Lakini soma kopo. Kuna daraja la GL-4 na kuna la GL-5. GL-5 ina viungo vingi vya salfa kwa ajili ya meno ya difu kule kwenye ekseli, na kwenye gia boksi yenye ringi za shaba inaweza kuzila taratibu. Kitabu cha gari kinasema ipi, weka hiyo. Salfa, ile dawa ya kupulizia, tuiachie mikorosho. Gia ya tano kuchomoka, mwambie fundi aangalie uma wa gia na mauntini za gia boksi kabla hajaanza kuimwaga mezani.

Kinyonga wa Ligula: Kumbe na kwenye gia boksi kuna salfa. Mleta uzi, na wewe tukupulizie? Huenda nguvu zikarudi.

Mleta uzi: Nawaambieni alisema MBELE YA MAMA MKWE. Mnaongelea salfa!

Cruza Nyeupe: Uza hilo toroli. Mie nina Cruza, Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, cc 4,164, silinda sita, nimefunga turbo. Mlima wa Newala napanda nikiwa napiga soga na simu.

Dizeli Tupu: Cruza, 1HZ nayo haikutoka kiwandani na turbo. Dizeli inaanza kuwakia kwenye vyumba vidogo ndani ya hedi, na ukilazimisha presha, pale pale ndo panapopasuka. Umefunga geji ya joto la eksozi?

Cruza Nyeupe: Geji ya nini?

Dizeli Tupu: Haya. Tutakukuta Nangurukuru umewasha hazadi.

Pweza Mkavu: 😂😂 Cruza kimyaa.

Cruza Nyeupe: Wivu huo. Kwanza nyie wa Hilux mlipe kodi ya moshi.

Mchinga Mbili: Watu wa Mtwara mnalia na mlima mmoja. Sisi wa Lindi Mei 2024 kile kimbunga Hidaya kilikata barabara kule Somanga, Dar hakufikiki, vitunguu vikaanza kuuzwa kwa heshima. Nilikuwa kwenye foleni na mzigo wa samaki. Barafu imeyeyuka, samaki wameanza kunukia, dereva wa mbele yangu kafunga vioo vyote kwenye joto lile kwa ajili ya harufu yangu. Huyo ndo aliyedhalilishwa, siyo wewe uliyechekwa na mama.

Mleta uzi: Mchinga, samaki hawana mkwe.

Bibi Harusi Nanyamba: Kama ni kudhalilishwa, mie nina yule fundi cherehani, mnamjua, wa karibu na soko. Kitambaa nimempa mapema, gauni kanipa siku ya shughuli, zipu haipandi. Namwambia haipandi, ananiambia "dada, gauni halijapungua". Mbele ya mashoga zangu!

Korosho Ghafi: 😂😂😂 Hao wanafundishwa chuo kimoja.

Tandahimba Asilia: Na yule wa mizani je? Korosho nimeanika mwenyewe, nimechambua mwenyewe, nimefika anaingiza mkono kwenye gunia, anaziangalia, ananiambia chafu. Hajanyanyua hata jicho. Mnamjua.

Mgeni Msijute: Samahani wadau, mie nimehamia majuzi. Kila mtu hapa "mnamjua, mnamjua", mie simjui hata mmoja. Gari yangu nipeleke wapi sasa?

Tandahimba Asilia: Utamjua tu.

Bibi Harusi Nanyamba: Tandahimba, wewe korosho chafu walau unazirudisha ukaanike tena. Gauni nimelivalia ndani ya kanga shughuli nzima, na joto la Novemba!

Tandahimba Asilia: Nirudishe na usafiri gani? Nauli ya kurudisha magunia unailipa wewe?

Pweza Mkavu: Kwa wenye pikapu: nauza tairi nne, zimetumika lakini kashata, yale meno ya tairi, bado ipo, nipo Mikindani.

Cruza Nyeupe: Bei?

Pweza Mkavu: Njoo inboksi.

Mzee wa Salfa: Mtu kaweka tangazo hadharani, bei kaificha. Sema bei hapa hapa.

Pweza Mkavu: Njoo inboksi mzee wangu.

Mzee wa Salfa: Hawa wa "njoo inboksi" wananikera kuliko mafundi wote wa kusini. Nafungua uzi wao sasa hivi.