Sheli nimewekewa lita 3, kwenye jagi zikatoka mbili na nusu. Huu si wizi wa mchana kweupe?

Wakuu habari za saa hizi, naandika nikiwa na hasira kwahiyo mtanivumilia.

Jana boda imeniishia mafuta huku Mbagala, tenki kavu kabisa, nimesukuma mpaka sheli jua la saa nane hilo jasho linatiririka mpaka machoni, nikamwambia dada wa pampu niwekee lita 3. Kaweka, pampu imesoma 3.00, nimelipa, napiga kiki wee haiwaki. Kumbe uchafu umeingia kwenye kabureta. Fundi yuko ng'ambo ya barabara tu nikasukuma tena, akang'oa tenki alioshe, mafuta yote kayamimina kwenye jagi la kupimia lile lenye mistari, tenki kalipindua mpaka tone la mwisho. Lita mbili na nusu na kidogo tu juu ya mstari. Na sijaendesha hata mita moja! Fundi anacheka tu, ananiambia we mgeni hapa?

Nimerudi na jagi mkononi. Dada ananiambia eti kaka, petroli inapungua na jua. Jamani! Petroli ikipata joto inatanuka, basi ningekuta imezidi, na huo mvuke wa robo saa tenki likiwa na mfuniko unabebaje karibu nusu lita? Nikasema sawa, leteni kile kipimo cha chuma cha lita 20 tupime pampu hapahapa. Eti meneja hayupo na stoo ufunguo anao yeye. Risiti nayo nilipodai, mashine inasumbua, wakati risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ndo ingeonyesha lita ngapi wamenipa. Kila kitu kinasumbua pale isipokuwa kupokea hela.

Kinachoniuma ni hiki, pampu inapimwa kwa lita 20 lakini sisi wa boda tunanunua lita 2, lita 3, au mafuta ya shilingi elfu tano tu. Bomba likiwa na hewa namba zinaruka kabla hata mafuta hayajatoka, mwenye Prado anayejaza tenki hawezi kuliona hilo, ila kwenye lita mbili hiyo ndo hela ya ugali. Halafu ile tabia ya kubonya wanaachia, kubonya wanaachia, ukiuliza unaambiwa una haraka. Na ukizubaa kuangalia simu anaanza bila kurudisha sifuri, hii imenikuta mwaka jana sehemu nyingine kabisa.

Sitaji jina la sheli maana sitaki kesi, wa njia ile mtakuwa mmeshajua.

Sasa aliyewahi kuwaita watu wa Wakala wa Vipimo na wakaja kweli anieleze alianzia wapi, na kama lazima uwe na risiti. Stika yao pale kwenye pampu nimeiona, ila mwaka umefutika hausomeki.