Pre-Tech ya KJSEA haihesabiwi kama krediti ya T?

Kutoka: Mama Nasra, Mississauga
12 Februari 2026, 21:48

Assalaam aleikum na hamjambo nyote,

Naomba msaada, nimechoka. Mwanangu wa kiume amefika kutoka Mombasa mwezi uliopita na shule ya hapa mtaani, Ontario, Canada, imempokea Gredi ya 10, muhula huu wa pili. Yeye yumo katika lile kundi la kwanza la CBC, mtaala mpya wa Kenya, lililofanya KJSEA, mtihani wa kumaliza Gredi ya 9, mwaka jana. Nilikwenda na karatasi zake zote. Pre-Tech, somo la ufundi, kapata EE2, alama ya pili kutoka juu, mashallah. Bibi wa gaidansi, mshauri wa masomo, akaitazama karatasi, akapekua kwenye kompyuta yake anatafuta KCPE, ule mtihani wa zamani wa darasa la nane. Nikamwambia KCPE imekwisha, ya mwisho ilikuwa 2023. Akanijibu orodha yake ina KCPE na KCSE tu.

Wamemhesabia krediti 8 za masomo ya nyumbani, lakini pale penye T, yaani teknolojia (Technological Education), pameachwa patupu. Kwa hiyo kwa OSSD, diploma ya sekondari ya huku, bado anadaiwa TAS, kosi ya teknolojia na ufundi. TAS ya muhula huu imejaa, mwalimu hawezi kuzidisha watoto kwenye mashine. Ya mwakani, myBlueprint, tovuti ya kuchagulia masomo, inafungwa tarehe 27, na mtoto ameshajaza sayansi zake, hesabu na ICD ya kompyuta. Wanataka afute kimoja. Analia. Ananiambia, "Mama, hivyo nimeshavifanya. Nimechora, nimekata bati, nimesomeshwa mpaka jinsi ya kuvaa miwani ya karakana."

Swali langu ni hili: kuna mtu hapa aliyefaulu kuhesabiwa Pre-Tech kuwa krediti ya T? Aliandika barua gani, na alimpelekea nani?

Kutoka: Shangazi wa Kitchener
12 Februari 2026, 22:30

Mama Nasra, pole, na mgeni wetu karibu. Huyo wa gaidansi usibishane naye, hana uwezo huo. Krediti za masomo ya nje huamuliwa na mkuu wa shule. Omba miadi naye moja kwa moja.

Kwa faida ya wengine: walioanza Gredi ya 9 Septemba 2024 na kuendelea ndio wanaodaiwa T moja, ya Gredi ya 9 au ya 10. Waliotangulia hawadaiwi. Kwangu nina wote wawili. Mkubwa aliingia 2023 akafanya TIJ, kosi ya teknolojia ya zamani, kwa mapenzi yake, mdogo akaingia 2024, TIJ imeshafutwa, T ni lazima. Mkubwa anadaiwa krediti za lazima 18, mdogo 17, na bado jumla ni 30 kwa wote. Kila nikikaa kuzihesabu nachanganya watoto.

Kutoka: Baba Upendo, London (ya huku Ontario, si ile ya Mfalme)
13 Februari 2026, 06:05

Shikamooni wakubwa. Mbona jambo lenyewe dogo? ICD si ndiyo teknolojia? Kijana abaki na ICD yake, aachane na TAS, mchezo umekwisha.

Kutoka: Shangazi wa Kitchener
13 Februari 2026, 06:41

Baba Upendo, kabla ya kumshauri mtu soma kodi (herufi za msimbo) ya kosi. ICD inaanza na I. Ni somo la kompyuta, si Technological Education. Itamfaa kwenye lile fungu la STEM, ambalo ni krediti nyingine kabisa. Ya T inaanza na T: TAS, TCJ ya ujenzi, TTJ ya magari, TFJ ya jikoni na hoteli, TXJ ya saluni. Akipenda kompyuta ipo TEJ, ambayo ni ya kompyuta na ni T. Mimi ni EA, msaidizi wa mwalimu, katika shule mwaka wa saba huu na kila Februari nalia na wazazi kwa hiyo I.

Kutoka: Baba Upendo, London
13 Februari 2026, 06:58

Basi dada, nimesikia. Herufi moja tu umenisomea kama hukumu.

Kutoka: Papa Furaha, Hamilton
13 Februari 2026, 13:20

Bandugu, mi naogopa hii maneno. Kwetu Bukavu mutoto wa akili banamutuma ku siantifiki, wenye kuanguka ndio banaenda ku tekiniki. Sasa hapa bananiambia binti yangu afanye TTJ, ufundi wa magari. Nikauliza: batoto ba wazungu nabo banafanya? Bakaniambia bote. Sikuamini, nikaenda kuangalia mwenyewe siku ya wazazi. Ni kweli, bote bako pale na mafuta ku mikono. Lakini moyo haujatulia. Kisha banasema kuko na OYAP-FAST, mupango wa kujifunza ufundi, mutoto wa Gredi ya 11 na 12 anaweza kuweka mpaka asilimia 80 ya masomo yake ku koopu, ni kusema kujifunza ku kazi. Nani atabaki wa kuwa daktari?

Kutoka: Kijana wa Ottawa
13 Februari 2026, 17:02

Papa Furaha, hofu yako naielewa kuliko unavyodhani. Mimi nilifika 2014, Kiingereza changu kilikuwa cha kuomba maji, wakaniweka Applied, mkondo wa vitendo, kwa kila kitu. Mama akatia saini kwa sababu neno lenyewe lilisikika zuri. Gredi ya 11 ndipo tukagundua kwamba hesabu niliyofanya hainifikishi chuo kikuu. Nilirudia hesabu kiangazi mara mbili. Hata hivyo mlango ule umefungwa: mikondo ya hesabu ya Gredi ya 9 waliiunganisha 2021, ya masomo mengine 2022.

TAS si Applied. Kodi yake kamili ni TAS1O, na ile O ya mwisho maana yake ni wazi kwa kila mwanafunzi. Na OUAC, wanaopokea maombi ya vyuo vikuu, hawaiangalii, wao wanataka kosi sita za Gredi ya 12, za U (chuo kikuu) au M (chuo kikuu na koleji). Mtu anaweza kupiga randa Gredi ya 9 na bado akasomea udaktari.

Kutoka: Baba Upendo, London
13 Februari 2026, 23:15

Naomba niseme la moyoni. Mimi nimesoma Ifunda, shule ya ufundi kule Iringa. Tuliingia na suruali ya khaki tukatoka tunajua kufunga waya nyumba nzima. Nimefunga umeme miaka kumi na moja Iringa na Mbeya. Nimefika hapa, kupata 309A, cheti cha fundi umeme, ikawa mtihani wa maisha. Lazima nithibitishe saa 9,000, na kila saa iwe na barua ya mwajiri. Mwajiri wangu wa kwanza ni marehemu. Wa pili alikuwa akiandika hesabu kwenye daftari la mkaa. Ofisi moja ikanirudishia faili mara tatu, mara ya tatu kwa sababu simu ya mdhamini haikupokelewa, na wao walipiga saa tisa usiku ya Tanzania! Leo nabeba maboksi ghalani, na mwanangu wa miaka 14 anafundishwa kubadilisha soketi na kupewa krediti. Soketi!

Mwalimu Nyerere aliliona hili 1967, Elimu ya Kujitegemea, watu wakacheka majembe shuleni. Sasa nyumbani wameanza mkondo wa amali kidato cha kwanza toka 2024, kila mtu anapiga makofi kana kwamba ni kitu kipya.

Kutoka: Mwalimu Mstaafu, Windsor
14 Februari 2026, 08:10

Ndugu yangu Baba Upendo, pole sana kwa 309A. Hiyo TEA, tathmini ya ujuzi wa mafundi waliotoka nje, jaribu tena, na barua za mdhamini zithibitishwe kwa wakili wa huko kabla hujazituma.

Lakini historia usiikate nusu. Kenya tulianza 8-4-4 mwaka 1985, useremala, sayansi kimu, kilimo, vyote vya kutahiniwa. Nilikuwa mwalimu kijana. Wazazi walichanga harambee mpaka wakauza mbuzi ili tujenge karakana. Tukapata chumba, meza nne na msumeno mmoja ambao mkuu wa shule aliufungia kabatini usiibwe. Watoto walifanya mtihani wa useremala bila kugusa mbao. Kisha masomo yakapunguzwa, na karakana yangu ikawa stoo ya mahindi. Leo nasikia Gredi ya 10 kule Kenya wamegawanywa njia tatu na wazazi wanahangaika kutafuta shule yenye maabara. Kwa hiyo nikiona TAS ya hapa, kila mtoto na drili yake, simlaumu mtu, ila roho inaniuma kidogo.

Kutoka: Baba Upendo, London
14 Februari 2026, 08:33

Sijakata historia. Nimesema Ifunda, sijasema Kenya. Ninyi mliiga, mkaiga vibaya.

Kutoka: Msimamizi
14 Februari 2026, 09:00

Waheshimiwa, nani kamuiga nani tutalijadili kwenye mada nyingine. Mama Nasra ana tarehe 27.

Kutoka: Mama Tatu, Scarborough
14 Februari 2026, 11:26

Mimi sina jibu la KJSEA, ila niwachekeshe. Tatu wangu alifanya TAS muhula uliopita. Mradi wa mwisho kila mtoto achague chombo cha jikoni, akichore, akipime, akijenge. Wenzake wote vibao vya kukatia mboga. Tatu akamwambia mwalimu anatengeneza mbuzi. Mwalimu akamuuliza, mnyama? Akamchorea. Yule bwana alipenda mno, akamtolea ubao wa maple, wakaunganisha miguu ikunjwe kama ile ya Lamu, bila msumari hata mmoja. Kazi safi, nimekalia mwenyewe.

Shida ikaja kwenye kile chuma chenye meno. Dada yangu alikituma kutoka Kibokoni, Mombasa, ndani ya kanga. Tatu akakipeleka shule akifunge. Nikapigiwa simu niende ofisini haraka, mtoto amekuja na kitu chenye makali. Kufika, chuma kimewekwa kwenye bahasha, watu watatu wamekizunguka. Nikawaeleza ni cha nazi. Wakaniuliza nazi zina shida gani mpaka zihitaji hivyo! Mwalimu wa TAS ndiye aliyenitetea, akasema misumeno ya karakana yake inatisha zaidi. Hawakukubali. Chuma kilifungwa nyumbani kwangu, Tatu akapigwa picha, akapewa 91. Alama zilizokatwa ni kwa sababu mradi ulikabidhiwa "bila sehemu yake muhimu".

Kutoka: Shangazi wa Kitchener
14 Februari 2026, 11:40

Wallahi nimecheka mpaka chai imemwagika. Mama Tatu, huo ubao wa maple hautelezi ukiukalia? Mimi natumia blenda tangu 2011 na tui halijawahi kuwa tui.

Kutoka: Papa Furaha, Hamilton
14 Februari 2026, 12:15

Binti yangu aache magari, afanye hii.

Kutoka: Mwalimu Mstaafu, Windsor
14 Februari 2026, 12:52

Blenda inapasha tui moto, ndiyo maana. Mama Tatu, huyo binti anaweza kutengeneza nyingine? Tutalipa. Mke wangu anauliza kama miguu inakunjika kabisa, maana tunaishi ghorofani.

Kutoka: Mama Tatu, Scarborough
14 Februari 2026, 14:07

Inakunjika. Mwalimu kamruhusu kutumia karakana saa ya chakula siku za Jumatano, na anasema itahesabiwa kwenye zile saa 40 za kujitolea za shule kama ni ya kusaidia jumuiya na hakuna malipo. Kwa hiyo mbuzi ni bure, mtanunua chuma tu. Dada anatuma kifurushi Jumatatu. Wanaotaka waandike hapa, nizijue ni ngapi.

Kutoka: Baba Upendo, London
14 Februari 2026, 14:20

Moja. Na mimi naweza kumsaidia kupima miguu, kama shule inamruhusu mtu asiye na 309A.

Kutoka: Shangazi wa Kitchener
14 Februari 2026, 14:22

Mbili. Na muulize vizuri hayo ya saa 40, si kila kitu kinakubaliwa, msije mkamponza mtoto.

Kutoka: Mama Nasra, Mississauga
14 Februari 2026, 20:55

Ahsanteni nyote. Nimepata miadi na mkuu wa shule Alhamisi, nitakwenda na silabasi ya Pre-Tech, nimeichapa kurasa zote. Bado sijui kama kuna mtu aliyewahi kukubaliwa, kama yupo naomba aniandikie hata faraghani.

Mama Tatu, na mimi niandikie moja. Mwezi wa Ramadhani unaingia wiki hii, kama chuma kitawahi.