Chai yangu imekwama Jeddah baada ya Sudan kupiga marufuku bidhaa za Kenya. Nisubiri serikali zipatane au niuze kwa hasara?

Bin_Kibarani

Wakuu, habari za muda huu. Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu jamvini, kuandika ni nadra. Leo nimebanwa.

Niko Mombasa, nafanya biashara ya chai. Si mkubwa. Nanunua mnadani kupitia dalali, nachanganya na kupakia kwenye godauni la kukodi hapa Shimanzi, nauza nje. Soko langu tangu nianze ni Sudan. Hata vita vilipolipuka Aprili 2023 sikufunga, maana Port Sudan ilibaki mikononi mwa jeshi la Burhan na watu hawakuacha kunywa chai. Mzigo unashukia Jeddah, unahamishiwa meli nyingine, unavuka.

Machi hii ya 2025 makontena yangu mawili yalikuwa njiani. Tarehe 13 Wizara ya Biashara ya Sudan ikatoa amri: hakuna kitu cha Kenya kuingia, si kwa bandari si kwa mpaka, hadi taarifa nyingine. Sababu mnaijua, ni ule mkutano wa RSF, wanamgambo wanaopigana na jeshi la Burhan, na washirika wao pale KICC Nairobi mwezi Februari. Tangu hapo mzigo umelala Jeddah na tozo za kuchelewesha kontena zinapanda kila kukicha.

Mteja wangu ni muungwana, amekwisha kulipa theluthi ya bei kupitia Dubai. Sasa ananiambia nibadilishe cheti cha asili ya bidhaa, niandike chai ya Uganda, itapita. Anadai wapo wanaofanya hivyo. Rafiki yangu mwingine anasema nitulie, Nairobi inaongea nao, yatakwisha. Benki niliyokopa nayo haitaki kusikia habari za Burhan wala Hemedti, mkuu wa RSF.

Nisubiri, nibadili hati, au niuze kwingine kwa hasara? Nawasilisha.

Mzee_Forodha

Hilo la kubadili cheti lifute kichwani kabla hujamaliza kusoma jibu langu.

Umenunua mnadani, kwa hiyo unajua gunia la chai linavyokuja. Limechapwa jina la kiwanda, daraja, namba ya ankara, uzito. Hata kama mzigo wako umeuchanganya na kuupakia upya, kuna hati ya kusafirisha uliyochukua hapa, kuna tamko la forodha la Kilindini, kuna B/L, ile hati ya shehena ya meli. Zote zinasema Kenya. Utakuwa na karatasi moja inayosema Uganda na tatu zinazoikanusha. Afisa wa Port Sudan akiamua kukagua, mzigo unataifishwa na mteja wako anaingia matatani, nawe huku unafunguliwa kesi ya kughushi. Hao "wapo wanaofanya" hutawaona siku hiyo.

Jambo la kujiuliza ni moja: B/L asilia ziko wapi? Kama zote tatu ziko kwako au benki kwako, mzigo bado uko mkononi mwako. Kama umeshazituma Sudan, anza kuzirudisha leo. Bila seti kamili kampuni ya meli haikubadilishii bandari ya mwisho.

Sokomoko

Chai ya Kericho ikiandikwa Uganda itaota ndizi 😂

Nyayo_2005

Mimi ni wa Nairobi, si mfanyabiashara, ila suala la kusubiri naweza kuchangia kwa sababu nimefuatilia Sudan kwa muda.

Boss, usisubiri. Wengi wanadhani ugomvi huu ulianza Februari. Ulianza Juni 2023, IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, ilipompa Ruto uenyekiti wa kundi la nchi nne za usuluhishi. Upande wa jeshi ulimkataa tangu siku ya kwanza, ukisema anaegemea RSF. Julai ujumbe wao ukasusia kikao cha Addis Ababa. Novemba Burhan akaja Nairobi, ikaonekana maji yametulia. Januari 2024 Hemedti akapokewa Ikulu, Khartoum wakamwita balozi wao nyumbani, na kabla mwezi haujaisha wakasimamisha uanachama wao IGAD. Februari mwaka huu, KICC: mkutano unafunguliwa tarehe 18, usiku wa tarehe 22 kuamkia 23 unasainiwa mkataba wa kuunda serikali ya pili. Balozi akaitwa tena nyumbani. Chai yako imefika mwisho wa foleni ndefu, haikuwa chanzo.

Na kinachoniuma ni kwamba kazi hii ya usuluhishi tuliijua. Itifaki ya Machakos, Julai 2002. Naivasha, ambako John Garang wa waasi wa kusini na Ali Osman Taha, makamu wa rais wa Sudan, walikaa uso kwa uso miezi na miezi, msuluhishi wetu Jenerali Sumbeiywo akiwa katikati. Tarehe 9 Januari 2005 wakasaini Nairobi. Vita vya kaskazini na kusini vya miaka zaidi ya 20 vikafungwa kwa sababu pande zote mbili zilikuwa zimekubali kuingia chumba kimoja. KICC ilikuwa na upande mmoja.

Jirani_Mwema

Nyayo_2005 unaionea serikali. Waziri Mudavadi alieleza wazi kwamba Kenya ilitoa jukwaa tu, haikuitambua serikali yoyote. Na pale hawakuwepo RSF peke yao, alikuwepo Abdelaziz al-Hilu, kiongozi wa waasi wa SPLM-N, vilikuwepo vyama vya kiraia. Utasuluhishaje vita kama huongei na mwenye bunduki? Moi naye aliambiwa anawapendelea waasi wa kusini wakati wake, ofisi zao zilikuwa Nairobi.

Nyayo_2005

Kuongea na mwenye bunduki sawa. Kumpa ukumbi atangaze serikali yake ni jambo jingine. Tarehe 7 Januari Marekani imesema RSF wamefanya mauaji ya kimbari Darfur na kumwekea Hemedti vikwazo, na wiki sita baadaye ndugu yake Abdelrahim, ambaye naye ana vikwazo vya Marekani tangu 2023, ameketi mstari wa mbele KICC. Hata kama nia ilikuwa safi, ungemweleza nini mtu wa Port Sudan?

Halafu kuna hili ambalo watu wanalinong'ona: Januari hiyo hiyo tulisaini mkataba wa biashara na Falme za Kiarabu, nchi ambayo Sudan iliishtaki Machi 2025 mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwa madai ya kuwapa RSF silaha. Falme zinakanusha. Mimi sisemi mambo hayo mawili yameunganishwa, nasema Burhan anayaunganisha, na anayefungua bandari ni yeye.

Mkulima_Bomet

Samahani kuingilia siasa zenu. Mimi ni upande wa majani. Huku kwetu mnunuzi mmoja akitoka mnadani hatuambiwi leo, tunaambiwa Oktoba bonasi ikitoka. Sudan imekuwa miongoni mwa wanunuzi kumi wakubwa wa chai yetu. Wakati wa kile kikao cha KICC kuna mtu aliuliza bungeni au popote kwamba hawa watu ni wateja wa mkulima? Mimi sikusikia. Pakistan na Misri wananunua, ndio, lakini wakijua mshindani wao ametoka bei wanaiweka wao.

Bin_Kibarani pole ndugu yangu. Uza.

Mpemba_wa_Khartoum

Assalaam alaykum. Nimesoma Khartoum, chuo kikuu cha kimataifa cha Afrika, pale walipojaa vijana wa Zanzibar, Mombasa, Kigoma na Bujumbura. Wadogo zetu waliokuwepo 2023 ndio wale serikali ya Tanzania iliowatoa kupitia Ethiopia. Naomba niseme kuhusu huyo mteja, maana mnamzungumza kana kwamba ni mhalifu.

Chai Sudan si kinywaji cha asubuhi tu. Ukitoka chuoni jioni, kila kona kuna sitt shai, mama wa chai. Ana jiko la mkaa, kimeza kilichopangwa vikopo vya karafuu, mdalasini, tangawizi na nanaa, viti vidogo vimezunguka chini ya mwarobaini. Anajaza sukari nusu ya glasi kabla hujamwambia kitu, halafu anamimina chai nyeusi juu yake bila kukoroga. Wengi wao ni wanawake waliokimbia vita vya Darfur na milima ya Nuba zamani, chai ndiyo iliyosomesha watoto wao. Chai hiyo kwa sehemu kubwa ni yetu ya huku. Kwa hiyo amri ile haikumpiga Ruto. Imempiga mama yule, na imekupiga wewe.

Lakini pia mjue hasira ya Msudani wa kawaida. Niliongea na mwalimu wangu mmoja aliyekimbilia Port Sudan, nyumba yake Khartoum imeporwa mpaka nyaya za umeme ukutani. Kwake yeye RSF si "upande mmoja wa mgogoro". Alipoona picha za KICC alinyamaza nami kwa muda mrefu kisha akaniuliza kama sisi Waswahili tunawajua hawa watu. Sikuwa na jibu la kumpa.

Mteja wako mwambie ukweli: hati sibadili, pesa yako ninayo, tutafute njia pamoja. Msudani mwenye biashara ya kweli ataheshimu hilo.

Dada_wa_Loki

Niko kwenye ugavi wa misaada, nilianzia Lokichogio enzi za operesheni ya Umoja wa Mataifa ya kusini mwa Sudan. Nakupa kipimo kimoja cha muda, Bin_Kibarani, kisha uamue.

Februari 2024 serikali ya Port Sudan ilifunga kivuko cha Adré, kati ya Chad na Darfur. Ni njia ya chakula cha msaada. Umoja wa Mataifa ukabembeleza, Marekani ikabembeleza. Agosti mosi ikatangazwa njaa kamili kambi ya wakimbizi ya Zamzam, Darfur. Ndipo katikati ya mwezi huo kivuko kikafunguliwa, tena kwa miezi mitatu ya majaribio. Nusu mwaka, kwa chakula cha watoto wanaokufa. Anayegonga mhuri wa malori ya msaada ni serikali ile ile iliyofungia chai yako. Wewe unadhani chai itachukua muda gani?

Na wafadhili nao wasikupe matumaini. Januari Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na jiko kwa jiko yale majiko ya jamii ya Khartoum, wanayaita takaya, yakazimika kwa sehemu kubwa. Hayo yaliendeshwa na vijana wa mitaani wenyewe, wanapika maharage na dengu, foleni ya masufuria. Tarehe 15 Aprili hii Uingereza na wenzake wakaitisha mkutano London. Uingereza imeahidi pauni milioni 120, vizuri. Lakini hata tamko la pamoja halikupatikana, Misri, Saudia na Falme zilishindwa kukubaliana maneno. Siku hiyo hiyo Hemedti akatangaza serikali yake. Zamzam ilikuwa imeshambuliwa siku chache kabla.

Jirani_Mwema, mimi naipenda nchi yangu na naijua ilivyokuwa: ndege za msaada zikipaa Loki, wanasiasa wakikaa Naivasha, na upande wowote ukija unapewa kiti. Msaada mkubwa wa Kenya kwa Sudan haukuwa pesa, hatuna. Ulikuwa kuaminiwa.

Jirani_Mwema

Sawa dada, hapo nakuelewa. Ila bado nasema tusimsafishe Burhan, ndege zake zinapiga masoko na raia wanakufa. Na kuhusu chai, Sudan ni mwanachama wa COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, kama sisi. Kufungia bidhaa za mwanachama kwa sababu za kisiasa ni uvunjaji wa mkataba. Kwa nini wasafirishaji wasipeleke malalamiko huko?

Mzee_Forodha

Peleka. Yakijibiwa, chai itakuwa imeshika ukungu. Chama cha wafanyabiashara kiandike, ndiyo, jina lako liwemo, kwa ajili ya kesho. Ya leo ni tozo za Jeddah.

Sasa tuongee kazi. Watu watakuambia peleka Misri, ni karibu na chai ya Kenya inaingia bila ushuru. Tahadhari: Misri wanataka namba ya usajili wa shehena, ACID, itolewe kabla mzigo haujapakiwa melini. Wako uko njiani tayari. Unaweza kukwama mara ya pili, tena Alexandria.

Mimi ningeomba kubadili bandari ya mwisho iwe Jebel Ali, Dubai. Eneo huru, ghala za chai zipo, hakuna anayekuuliza unauza wapi mpaka umepata mnunuzi, na pale sampuli inaonjwa siku hiyo hiyo. Kabla ya kusaini chochote omba kampuni ya meli bei kwa maandishi: ada ya kubadili bandari, nauli ya ziada, na tozo za Jeddah mpaka siku ya kupakia. Ombeni punguzo, marufuku ya serikali si uzembe wako, wakati mwingine wanasikia. Na bima, soma kipengele cha vita na amri za serikali. Nyingi zinalipa mzigo ukiharibika, hazilipi ukizuiwa.

Bin_Kibarani

Nawashukuru nyote, hata waliogombana.

B/L zote tatu ziko benki huku, hazikutoka. Nimeshaandika barua ya kuomba Jebel Ali, wamenipa bei, imenikata maini lakini ni chini ya tozo za miezi miwili mingine Jeddah. Cheti sitakigusa.

Nimempigia mteja kama alivyoshauri Mpemba. Hakukasirika. Ana binamu Dubai mwenye duka la jumla Deira, atachukua kontena moja na ile theluthi tutaihesabu humo. La pili natafuta mnunuzi. Mzee_Forodha, je, hilo la pili nikiliuza Jebel Ali, hati ya kusafirisha ya hapa inayosema Sudan lazima nirekebishe kwanza, au tamko la kule linatosha?

Mzee_Forodha

Rekebisha kwanza. Mapato ya fedha za kigeni lazima yaoane na nchi iliyoandikwa, la sivyo benki yako itakurudishia maswali mwaka ujao. Njoo inbox nikuelekeze fomu.

Mkulima_Bomet

Bei ya Dubai ukiipata tuwekee hapa, nasi tujue Oktoba tutegemee nini.