Mama mkwe kakataza mwanangu kupewa yai, eti atakuwa mwizi

Mama_Nasri
Habari zenu wapendwa, wakubwa shikamooni. Naombeni mawazo yenu manake nimechoka kubishana humu ndani. Mwanangu ana miezi nane na nusu, chakula nilimwanzishia alipotimiza sita, na chenyewe ni uji, viazi, ndizi, kesho tena uji, viazi, ndizi, mpaka na mimi namuonea huruma. Juzi kliniki kwenye mzani uzito haujapanda toka mwezi uliopita, nesi kaniuliza unampa nini nikamtajia, akasema mama hapo chakula cha kujenga mwili kiko wapi, mpe yai, mpe dagaa, mpe maharage. Haya, nikarudi nikachemsha yai, sijaanza hata kulimenya mama mkwe (tunakaa nae) kalichukua mezani, anasema kwao mtoto hapewi yai mpaka aongee, akipewa kabla anachelewa kusema na akikua anakuwa mwizi. Mume wangu nae kimya kama maji ya mtungini.

Hivi kuna ukweli wowote hapo? Na kama nampa, nampa kiini tu au na ule ute mweupe, maana jirani ananiambia ute una aleji. Na ya kisasa yanafaa au nihangaike na ya kienyeji, hapa Moro kienyeji naambiwa 700 moja na lenyewe kama la njiwa.

shosti_wa_Ilala
Pole mwaya. Mimi nilikatazwa nikiwa na mimba, eti mtoto atazaliwa hana nywele. Nilikuwa nakula chipsi mayai kila nikitoka kazini, katoka na nywele mpaka usoni hahaha.

Mzee Kikapu
Marahaba binti. Usimchukie mama mkwe, hilo neno lina asili yake. Sisi tumekulia kijijini kuku watano uani, yai halikuwa chakula, yai lilikuwa kifaranga cha kesho, au la kumpa mgeni, au la kupeleka dukani urudi na chumvi na kiberiti. Sasa mtoto akishaonja akanogewa unafikiri atafanyaje? Ataenda mwenyewe kwenye kiota mchana watu wako shamba, ayanywe mabichi pale pale na maganda afukie. Mimi nilifanya hivyo na nilichapwa kweli kweli. Ndo mwizi huyo wanaomsema. Walikuwa wanalinda mtaji, ila ukimwambia mtoto "tunalinda mtaji" hakuelewi, ukimwambia atakuwa mwizi anaogopa. Leo mayai yananunuliwa kwa trei, woga umebaki tu wakati sababu yake imeshaondoka.

Hilo la kuchelewa kuongea sijui lilitokea wapi, labda waliona yai halina mdomo.

lishe_na_mtoto
Mzee Kikapu umenichekesha hapo mwisho. Mama Nasri mimi nimesomea mambo ya lishe, ngoja niandike kirefu kidogo.

Yai halicheleweshi kuongea. Tena kwenye kiini kuna kitu kinaitwa kolini ambacho ubongo unakitumia sana, yai moja kubwa lina kama miligramu 147, na mtoto wa mwaka 1 mpaka 3 anahitaji kama 200 kwa siku, kwahiyo yai moja tu limeshavuka nusu. Protini ni kama gramu 6, na ni ile ambayo mwili unaitumia karibu yote. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wao wa 2023 wamesema mtoto wa miezi 6 hadi 23 ale vyakula vya wanyama kila siku, nyama, samaki au mayai. Yai moja kwa siku kwa huyo mtoto ni sawa, mengi kuliko hapo hayana haja, tumbo lake dogo utamnyima nafasi ya vitu vingine.

Ila msilifanye yai dawa. Kuna utafiti ulifanyika Ecuador mwaka 2015, watoto wa miezi 6 hadi 9 walipewa yai kila siku kwa miezi sita, udumavu ukapungua kwa 47% ukilinganisha na wenzao ambao hawakupewa, watu wakashangilia. Wakaja kurudia hapo jirani Malawi, wilaya ya Mangochi, urefu haukubadilika vile. Sababu mojawapo wanayotaja ni kwamba kule ni ziwani, watoto walikuwa wanakula samaki tayari. Yaani yai linasaidia zaidi pale ambapo sahani ilikuwa tupu, na ya kwako kwa maelezo yako iko tupu. Kwetu TZ takwimu za 2022 zinasema watoto 30 katika kila 100 chini ya miaka mitano wamedumaa, na wapo mikoa inayolima chakula kingi tu, shida debe la mahindi limejaa ila ni mahindi matupu.

Kiini na ute mpe vyote. Zamani tuliambiwa subiri mwaka, siku hizi kuchelewesha hakuonekani kuzuia aleji. Chemsha mpaka kiini kigande kabisa, siku ya kwanza mpe robo ya kijiko cha chai, asubuhi, ukae nae. Akitoka vipele, akivimba midomo au kutapika acha umpeleke hospitali, akihema kwa shida kimbia. Kama ana ukurutu mkali ngozini muulize daktari kabla hujaanza. Ikipita salama ongeza taratibu, lisage na kiazi au likorogee kwenye uji, chumvi usitie. Halafu madini ya chuma ya kwenye yai hayaingii mwilini vizuri, kwahiyo dagaa na maini usiviache, na mpe kipande cha chungwa au papai baada ya kula. Chai ya rangi kwa mtoto, hapana!

Mfugaji_Kibaha
Nijibie la kisasa na kienyeji maana watu wanapigwa hela. Kwa lishe tofauti ni ndogo sana, la kisasa kwanza ni kubwa. Ile njano iliyokolea inatokana na majani na mahindi ya njano aliyokula kuku, hata mimi naweza kukolezea wa banda langu. Muulize muuzaji kama kuku wametoka kwenye dawa, kuna siku za kusubiri baada ya kuwapa antibayotiki na wengine hawasubiri, kwahiyo nunua kwa mtu unaemjua. Lenye ufa usichukue. Ukitilia shaka liweke kwenye maji, likilala chini ni jipya, likielea tupa.

binti_Pangani
Na wale wa kumkorogea mtoto yai bichi na maziwa apate nguvu, acheni. Wa dada yangu aliharisha siku nne mpaka akawekewa dripu.

Mama_Nasri
Asanteni sanaaa, mrejesho baada ya wiki tatu. Maneno ya Mzee Kikapu nilimsomea mama mkwe kama yalivyo, alicheka mpaka akatoa machozi, kumbe na yeye alishawahi kufukia maganda. Siku ya pili kanipa masharti, yai litoke kwa kuku wake mwenyewe na alichemshe yeye. Nikasema sawa mama. Nasri kaanza robo kijiko, sasa anamaliza nusu yai na kiazi, vipele hakuna, mzani umepanda gramu 300. Ila dagaa anatema bado.

lishe_na_mtoto
Hongera. Dagaa watoe vichwa, kaanga bila mafuta mpaka wakauke, twanga unga laini chekecha, tia kijiko kwenye uji. Hatajua.

Juma wa Mbagala
Na mayai ya kware je? Nasikia moja ni sawa na matano ya kuku

Mfugaji_Kibaha
Kinyume chake mkuu, la kware lina kama gramu 10, unahitaji matano kufikia moja la kuku. Na kware usinikumbushe, niliingia 2014 na ndege mia mbili nikiambiwa wanatibu kila kitu, mwisho tuliwala wote na ugali.