Tupeane uzoefu: kitu gani unakishikilia kwa sababu tu umekizoea?

Wakuu, salaam. Mwaka 1988 wachumi wawili wa Marekani, William Samuelson na Richard Zeckhauser, walichunguza jinsi wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha Harvard walivyochagua bima ya afya. Waajiriwa wapya walikimbilia zaidi mipango mipya. Wakongwe, wenye ruhusa ileile ya kuhama, wengi walibaki palepale. Leteni visa vyenu. Vya ndoa tuviache, tutakesha.

Mhasibu: Ofisini tulijaza malipo kwenye daftari, kompyuta ipo mezani imefunikwa kitambaa. Bosi alikuwa na msemo wake: "Daftari halizimiki." Kweli, halizimiki. Ila kila mwisho wa mwezi ukurasa mmoja tunaujumlisha watu watatu, kila mtu na jibu lake, na hakuna aliyelalamika. Ilikuwa ndiyo kazi. Programu ilipokuja ikakosea hesabu moja tu, vikao wiki nzima.

Mpita Njia: Mhasibu umegusa penyewe. Kosa la kitu kipya lina wa kulaumiwa, hasara ya kitu cha zamani haina mwenyewe.

Binti wa Mzee: Baba tulimnunulia simu mpya, akairudisha kwenye boksi "isiharibike". Ya zamani kaifunga raba, betri isichomoke. Ikaja kutumbukia kwenye ndoo ya maji. Haikupita muda, mzee anatuma sauti na picha usiku kucha. Sasa mwambie kuna simu nzuri kuliko hiyo uone atakavyokujibu!

Dereva: Uswidi walipiga kura mwaka 1955, takriban asilimia 83 wakakataa kuhamia upande wa kulia wa barabara, ilhali magari yao mengi yalishakuwa na usukani wa kushoto. Serikali ikawahamisha hivyo hivyo, tarehe 3 Septemba 1967. Ajali zikapungua kwa muda maana kila mtu alikuwa macho, halafu wakazoea, zikapanda tena.

Mkaidi: Msitufanye wote waoga jamani. Mimi fundi wangu wa nguo ni yuleyule miaka yote, na wengine nimewajaribu. Mmoja alinishonea suruali mguu huu mrefu kuliko ule, akaniambia nitembee taratibu.

Mleta mada: Mkaidi, wewe umejaribu, hatukudai. Anayefuata?