Petard ilikosea kupiga mabomu juu ya watu wetu?

Mwana wa Kibokoni: Wakuu, heshima kwenu. Tumebishana kijiweni mpaka kahawa ikapoa, nikaona nilete huku.

Tarehe 12 Februari 1944 Khedive Ismail, meli ya abiria iliyogeuzwa ya kubeba askari, ilikuwa inatoka Kilindini kwenda Colombo na watu 1,511: askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, mabaharia, manesi. Karibu na Maldivi nyambizi ya Kijapani, I-27, ikaipiga topido mbili. Hazikutimia dakika mbili, imezama. Waliowahi kutoka wakang'ang'ania mbao na maboya, nyambizi nayo ikajificha chini yao. Manowari ya Waingereza, Petard, ikamwaga mabomu ya kina palepale. Waliopona 214.

Mimi naita uuaji. Bomu lile si lazima likuguse. Likilipuka chini, mshindo wa maji unapasua mapafu na utumbo. Aliyetoa amri alilijua hilo.

Pwaguzi: Mleta mada, vifo hivyo usiitwishe Petard peke yake. Meli ikizama kwa kasi ile, wengi hawakupata hata ngazi ya kupandia. Halafu msafara ulikuwa na meli nyingine nne za askari. Hao nao si watu?

Mamaa Tanga: Pwaguzi kaka yangu, hizo nne zilishaondoka. Nyambizi ikiwa chini ya maji haipiti maili nane za baharini kwa saa, ingezifikia lini? Paladin, manowari ya pili, ilishateremsha boti za kuokoa. Wangewatoa watu kwanza.

Pwaguzi: Dada, ilikuwa mchana, kama saa nane na nusu. Giza lilibakiza saa nne hivi. Likiingia, I-27 inapanda juu, na juu inakimbia zaidi ya maili ishirini kwa saa. Hapo inazifuata. Na Paladin ikisimama kuokota watu, yenyewe ni shabaha.

Mwana wa Kibokoni: Sawa, lakini mabomu yenyewe hayakuizamisha I-27! Yaliipandisha tu. Mizinga ikashindwa kuitoboa, Paladin ikataka kuigonga, ikaishia kuchanika ubavu yenyewe. Iliyoimaliza ni topido ya Petard, tena ya saba.

Pwaguzi: Na ingeipigaje topido ikiwa bado imezama?

Mamaa Tanga: Hilo nakupa. Ila mimi ningependa kujua kama kuna mtu aliyewahi kuambia familia zao waliuawa na bomu la nani.